Nilivyomfungulia Diwani Mlango

Sitaki kuwadanganya, kisa hiki nimekificha sana. Kwa muda mrefu nilikuwa nikitoka nyumbani nazunguka nyuma ya stendi ili tu nisipite mbele ya mafundi cherehani wanaotazamana na jengo letu, maana wao waliona kila kitu kwa macho yao, na fundi cherehani mikono na miguu inafanya kazi lakini mdomo wake hauna wa kuuzuia. Sasa kwa kuwa nimeshasamehewa na wote waliohusika (yupo mmoja ambaye sina uhakika kama alinielewa nilipomwomba radhi), na kwa kuwa mmesikia nusunusu kutoka kwa watu wanaoongeza chumvi, bora mnisikie mimi mwenyewe. Chumvi niliyoitia kwa mikono yangu inatosha.

Mnajua mimi nilisomea utunzaji wa kumbukumbu. Nilipomaliza chuo nilizungusha barua za maombi kila ofisi hapa Bariadi, nikaenda mpaka Mwanza, visigino vya viatu vikaisha, mwisho nikaangukia kukaa mapokezi kwenye jengo la Mama Kwandu, lile la ghorofa mbili lenye vioo vya tinti mbele, vile ambavyo ukisimama nje huoni ndani, unajiona mwenyewe tu. Mama Kwandu ni mjane, alianza na biashara ya pamba akajenga taratibu, yeye anakaa Mwanza huku anakuja kwa kushtukiza. Basi aliyekuwa meneja wa jengo akaaga akaenda kulima mpunga Nassa, na Mama Kwandu, badala ya kuleta mtu mwingine, akanipigia simu akaniambia, "Minza, shika funguo mwezi mmoja nikuone. Ukiniridhisha kazi ni yako. Usiporidhisha unarudi mapokezi, hatugombani."

Mama yangu mzazi aliposikia akauliza kama nimesoma miaka yote hiyo ili nishike funguo za choo. Na mimi mwenyewe nilikuwa sijui nimjibu nini, kwa sababu sikuwahi kuwaza kwamba kusimamia jengo ni kazi ya mtu kuitamani, nilidhani ni kazi ya mtu aliyekosa nyingine. Lakini nilipoanza nikajishangaa. Nikawa nasikia pampu ya maji ikinguruma ngurumo isiyo yake, najua tanki la juu limekauka. Nikawa naona ufa kwenye ukuta, nausogelea kama daktari. Nikaingia kwenye simu nikafuata mafunzo ya usimamizi wa majengo, ya bure, nikajifunza mambo ya milango ya dharura, na wiki hiyohiyo nikakuta ngazi yetu ya nyuma imegeuzwa stoo, imejaa mifuko ya saruji iliyoganda na vitanda vibovu, nikaitoa yote nikafungua mlango wake. Hata kile kioo kikubwa cha kujitazamia chini ya ngazi kuu, pale mapokezi, kilikuwa wazo langu, maana mafunzo yalisema kioo kinafanya sebule ionekane pana. (Kumbukeni nilikuwa bado ni mwanafunzi.)

Mlinzi wetu, Mzee Shigela, ambaye zamani alikuwa mgambo na anatii amri kuliko hata anayeitoa, akaanza kuniita meneja. "Shikamoo" namwamkia, "Marahaba, meneja," ananijibu, na mimi nakaa hivyohivyo siku nzima nimevimba kama andazi.

Mwezi ulipokaribia kwisha Mama Kwandu akanipa taarifa kwamba kuna kampuni ya bima kutoka Mwanza inatafuta ofisi Bariadi na wanakuja kukagua ghorofa ya kwanza yote. Akaniambia atakuja nao yeye mwenyewe, na amemwalika diwani apite kuwasalimu wageni, waone kwamba jengo linaheshimika mjini, ingawa diwani hakuahidi, alisema akitoka kikaoni mapema atapita. Hakunieleza kwamba siku hiyo ndiyo mtihani wangu. Hakukuwa na haja.

Nikajipanga. Zulia jekundu tukaliazima kwa mpambaji wa maharusi, likatandikwa barazani kuanzia mlangoni mpaka wanaposhukia wageni kwenye gari. Ng'washi, dada anayetufanyia usafi, ambaye alikuwa na ujauzito mkubwa na mimi nilikuwa nikimwambia kila siku aanze likizo na yeye ananiambia bado, akapiga sakafu ya marumaru dawa mpaka ikawa inang'aa kama maji. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa nyasi.

Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri na ule uwanja wa mbele ulikuwa umeota nyasi hadi magotini, na mashine ya kukatia nyasi ikafa asubuhi hiyohiyo, ilikohoa mara moja ikanyamaza. Vijana wa kufyeka niliowapigia wote walikuwa mashambani, msimu wenyewe ndio huo. Nikasimama barazani nimeshika kiuno nikiziangalia zile nyasi, na hapo ndipo, ndugu zangu, nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Niliwaza hivi: mimi ni mtoto wa Nkololo, nimekulia nyuma ya ng'ombe, na kule kwetu hakuna mtu aliyewahi kununua mashine ya kukatia nyasi. Na nilijua baba yangu mdogo, Masanja, siku hiyo alikuwa anapitisha ng'ombe kwenda mnadani.

Nikampigia, nikamsalimu Kisukuma. "Baba mdogo, mwangaluka."

"Mwangaluka, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Ng'ombe zako wameshakula?"

Akataka kujua kuna nini, maana hakuna mtoto wa mjini anayeuliza habari za ng'ombe bila sababu. Nikamweleza. Apitishe ng'ombe kwangu, wale zile nyasi za mbele, wakimaliza aendelee na safari yake, wageni wanakuja mchana na watakuta uwanja safi. Baba mdogo akasema, "Hilo si tatizo, wakifika mnadani wameshiba watanona machoni." Kila mtu anapata chake. Niliona nimepata akili ambayo hata kwenye mafunzo haipo.

Tatizo la ng'ombe ni kwamba hawana saa, na baba mdogo naye hana. Nilimtegemea asubuhi, akafika karibu na adhuhuri, ng'ombe jike kama watano na dume moja jeusi lenye baka jeupe usoni, pana, shingo kama gunia la pamba. Nikamuuliza kwa nini dume, maana mimi niliwaza majike tu.

"Huyu hauzwi," akasema. "Huyu anawaongoza wenzake, bila yeye hawatembei. Usimwogope, ni mpole kuliko mimi."

Kisha akaanza kunitajia jina la kila ng'ombe na ukoo wake, kama anavyofanya siku zote, lakini mimi nilishageuka, nimeona gari la Mama Kwandu linakata kona pale kwenye mafundi cherehani, wageni wamewahi. Sikusikia jina hata moja. Mzee Shigela, yeye alisimama akasikiliza yote, ndivyo alivyo. Nilichofanya ni kumwambia baba mdogo awasogeze ng'ombe upande wa pembeni wasionekane, nikakimbilia kwenye zulia nikiwa nimeweka tabasamu.

Wageni walikuwa watatu, mwanamume mmoja na wanawake wawili, na kiongozi wao alikuwa mama mmoja anaitwa Bi Rehema, mrefu, viatu vya kisigino, mtu wa kuangalia kitu mara moja halafu hasemi. Nikawapitisha haraka sana mapokezi (Ng'washi alikuwa amemaliza kupiga deki kwa mara ya mwisho, sakafu bado mbichi, nikawaambia waangalie wasiteleze), nikafunga milango ya kioo nyuma yetu, nikawapandisha juu. Nikawaonesha vyumba, nikawaonesha mabomba, nikawaonesha ngazi ya dharura, Bi Rehema akafungua mlango wake akachungulia, akafunga. Mama Kwandu alikuwa nyuma yetu anaitikia kwa kichwa. Nilianza kuona mambo yananyooka.

Simu ikaita. Mikono yangu ilikuwa imeshika michoro ya jengo, nikabonyeza nikaiweka kwenye spika. Alikuwa Mzee Shigela.

"Meneja," akasema, na sauti yake ilikuwa ya wasiwasi kidogo. "Diwani yuko hapa mlangoni."

Mama Kwandu akatabasamu. Wageni wakatazamana. Mimi nikajisikia fahari ambayo sijui niieleze vipi.

"Mkaribishe, mzee."

"Mlango umefungwa, na amekasirika. Anakitazama kioo kwa ubaya."

Nikamwangalia Mama Kwandu, tabasamu limeshaanza kupotea. Nikaona hapa lazima niokoe hali. "Sasa mzee, mheshimiwa unamwacha juani anagombana na kioo? Mfungulie."

"Nimfungulie?"

"Fungua milango yote miwili, aingie kwa nafasi."

Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayetaka amri irudiwe mbele ya mashahidi, "Na wenzake walio nyuma yake?"

"Nao waingie wote. Wakae mapokezi, wapewe maji."

"Sawa, meneja," akasema Mzee Shigela. "Mimi nafuata maelekezo."

Bi Rehema, ambaye tangu afike hakuwa amesifu kitu, akasema, "Mna mlinzi mwenye nidhamu." Na mimi nikaitikia kwamba ndiyo, mambo ya mapokezi tunayazingatia sana hapa.

Baadaye nilimuuliza Mzee Shigela aliwaza nini. Akaniambia kwanza yule dume alikuwa ameona dume mwenzake ndani ya kile kioo cha tinti na anajiandaa kupigana naye, ameshakwaruza ardhi kwa kwato, kwa hiyo alipofungua milango ikasogea pembeni, dume la kwenye kioo likapotea, na yeye akaona meneja ana akili sana. Kuhusu kumwingiza ndani na kumpa maji, akasema, "Nilidhani ni mambo ya kimila ya ukoo wenu." Na baba mdogo wakati huo alikuwa nyuma ya jengo anahangaika na ng'ombe wengine walioona bomba linavuja kwenye tanki.

Basi nikawageukia wageni nikasema, twendeni tukamsalimu mheshimiwa. Mama Kwandu akaweka sawa kitenge chake begani. Yule mgeni wa kiume akafunga kifungo cha koti. Tukashuka, mimi mbele, nimenyoosha mkono kabisa wa kusalimia, na maneno yameshaanza kutoka mdomoni kabla sijafika ngazi ya mwisho, nasema, "Karibu sana mheshimiwa, tumefurahi kukuona jengoni kwetu," na nikainua macho.

Alikuwa amesimama chini ya ngazi, mweusi, amejaa mapokezi yote, anatazamana na kioo changu cha kujitazamia. Nyuma yake kulikuwa na ng'ombe jike wawili, mmoja ameingiza ulimi kwenye chombo cha maua ya mezani anakunywa maji, kama nilivyoagiza. Na Mzee Shigela amesimama pembeni ya mlango, kikakamavu, mkono kwenye paji la uso.

Dume likashusha kichwa, likalia mlio mzito ambao niliusikia kwenye reli ya ngazi niliyoishika, kisha likakipiga kile kioo pembe moja tu, kikashuka chote kama mvua. Hapo ndipo kelele zikaanza. Yule mgeni wa kiume alipanda ngazi kwa kurudi nyuma, sijawahi kuona. Mimi nikapata akili moja, nikasema, "Ngazi ya nyuma, mlango wa kulia, uko wazi," na nikawasukuma wote juu, Mama Kwandu nikimshika mkono, tukapita, tukashuka nyuma, tukatokea kwenye matanki ya maji wote wazima, Bi Rehema ameshika kiatu kimoja mkononi na kisigino chake mkono mwingine.

Nikaanza kuwahesabu. Wageni wapo, Mama Kwandu yupo, wapangaji wa ofisi za juu wanatoka. Halafu nikaona mmoja hayupo. Ng'washi.

Ndugu zangu, nyie mnaicheka sehemu ya kioo, na mimi siku hizi naicheka, lakini hapa sijawahi kupacheka. Nilizunguka jengo mbio, nikafika mlango wa mbele, nikamwona. Alikuwa amejibanza nyuma ya kaunta ya mapokezi, amekaa chini, mikono yote tumboni, na kaunta ile ina njia moja tu ya kutokea, na njia yenyewe inatokea pale lilipo dume. Alinitazama tu. Na mimi nikawaza kwamba nyasi, nyasi tu, nyasi ambazo zingeweza kubaki ndefu na dunia isigeuke, ndizo zimemweka mtu huyu pale.

Dume likajigeuza litoke kwenye vioo vilivyovunjika, likakanyaga ile sakafu tuliyoipiga dawa. Miguu ya nyuma ikaenda huku, ya mbele ikaenda kule, na likaanguka kwa kishindo, kifua chini. Likajaribu kuinuka likateleza. Likajaribu tena, likateleza kuelekea kwenye kaunta.

Baba mdogo alikuwa ameshafika, begani ana shuka lake, anahema. Sijawahi kumwona baba mdogo akiwa na hofu, hata siku ile fisi walipoingia zizini. Alisema kwa sauti ya chini, "Mtu asikimbie. Akiendelea kuteleza hivi ama atavunjika mguu au atamwangukia yule mama." Akaingia taratibu, anaongea nalo Kisukuma kama anavyobembeleza mtoto, akalifunika macho kwa shuka, akaweka mkono kwenye nundu. Dume likatulia, linahema tu. Lakini baba mdogo akanitazama, na nikaelewa anachoniambia, kwamba hawezi kukaa hivyo siku nzima na hajui afanye nini na sakafu ile.

Kule kwetu ng'ombe akinasa kwenye tope la kijito tunamtandikia majani na matawi apate pa kukanyaga. Niliangalia pembeni nitafute majani. Nikaona nimesimama juu ya zulia.

Nikamwita Mzee Shigela, tukalikunja lile zulia jekundu lote la barazani, tukaliingiza ndani tukilitandua polepole, tukipita mbali na kichwa cha dume, mpaka kwenye kaunta kwanza. Nikamnyooshea Ng'washi mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. Akainuka, akakanyaga zulia, akapita nyuma yangu nikiwa katikati yake na lile dume, na tukatoka nje mpaka kivulini, wale mafundi cherehani wakampokea wakampa kiti, na mmoja akamfungulia kanga kifuani. Nikarudi ndani.

Sasa tukalisogeza zulia mpaka chini ya kwato. Baba mdogo akavuta shuka taratibu, akalipiga dume kofi dogo ubavuni, akasema, "Haya, Diwani, twende nyumbani." Na ndipo nikasikia jina kwa mara ya kwanza.

Diwani akakusanya miguu yake, akainuka, akajikung'uta, akatoka nje akitembea katikati ya zulia jekundu kwa mwendo wa heshima kabisa, majike wake nyuma, baba mdogo nyuma, mimi nyuma. Barabara nzima ilikuwa imeshajaa. Waendesha bodaboda, mama wa mihogo, mafundi, kila mtu simu juu. Na mtu mmoja kwenye umati, ambaye alikuwa amemsikia Mzee Shigela akieleza habari, akatangaza kwa nguvu, "Tupisheni njia, Diwani anatoka."

Mwisho wa zulia alikuwa amesimama diwani mwenyewe. Yule binadamu. Ametoka kikaoni mapema, ameshuka kwenye gari muda huohuo, ameona zulia na watu na simu, amesikia anatangazwa, na alikuwa ameshainua mkono kupungia.

Wakatazamana, diwani na Diwani. Mkono wa mheshimiwa ukashuka kidogokidogo.

"Mwadila, mheshimiwa," akamsalimu baba mdogo, akavua kofia.

"Mwadila. Mzee, huyu ng'ombe anaitwaje?"

Nilitamani baba mdogo aongope, lakini umati wote ulikuwa umeshasikia. "Anaitwa Diwani, mheshimiwa. Ni jina la heshima. Tangu akiwa ndama alikuwa anatangulia na wenzake wanamfuata." (Mimi ninajua kwa nini anaitwa hivyo, aliniambia baadaye kule Nkololo. Anakula wa kwanza, analia msimu mzima wa mvua, na siku ya kulima haonekani.)

Mheshimiwa akalitazama dume kuanzia pembe mpaka mkia. Nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya kuacha kazi kichwani. Kisha akauliza, uso hauna dalili yoyote, "Na yuko kipindi cha ngapi?"

"Cha pili, mheshimiwa," akajibu baba mdogo. "Na hana mpinzani."

Mheshimiwa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea gari lake, umati nao ukapasuka, na mimi nikakaa chini palepale kwenye zulia, na sketi yangu ya ofisini.

Nilimkuta Mama Kwandu nyuma, amekaa kwenye ngazi ya dharura, anapepewa. Bi Rehema alikuwa amesimama peku karibu yake. Nikaanza kuomba radhi, nikaeleza mashine, nyasi, baba mdogo, simu, nikaeleza mpaka nikaona ninajirudia. Bi Rehema akanikatisha.

"Hii ngazi huwa iko wazi siku zote?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka. "Hapana, dada. Ni juzijuzi tu. Ilikuwa imejaa saruji."

"Jengo tulilokagua jana," akasema, "mlango wa dharura una kufuli, na mwenye ufunguo yuko msibani." Akavaa viatu vyake, kimoja kirefu kimoja kifupi, akaenda kwenye gari akichechemea, na sikujua amesema jambo zuri au baya. Wiki kadhaa baadaye ndipo walipotoa jibu kwamba wanachukua ghorofa ya kwanza, kwa sharti moja waliloliandika kabisa, kwamba nyasi za eneo zikatwe na binadamu.

Lakini siku ile sikulijua hilo. Siku ile Mama Kwandu alisubiri watu wote waondoke, akanitazama akaniuliza, "Bado unaitaka kazi hii?"

Mwezi mzima nilikuwa sina jibu la swali hilo. Nililitazama lile jengo, vioo vimetapakaa, kinyesi mapokezi, na kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba ile dawa ya sakafu isitumike tena, siku moja mzee wa watu atateleza pale. Nikamwambia hivyo, badala ya kumjibu swali lake. Mama Kwandu akainuka akajipangusa. "Basi kesho uwahi," akasema. "Na kile kioo usikirudishe."

Jioni nikaenda kwa Ng'washi. Nilikuwa nimebeba machungwa na sijui nitasema nini mbele ya mume wake. Nikawakuta nje wamekaa, daktari ameshamwangalia, amesema mama mzima na mtoto mzima. Mume wake akanipa kigoda. Nikafungua mdomo niombe msamaha, na Ng'washi, ambaye mchana wote hakuwa ametoa sauti, akauliza, "Meneja, yule mwenzake alipewa maji kweli?" Nikamwambia alijihudumia mwenyewe, kwenye maua. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo, mume wake anamwambia aache ataumia, halafu akanishika mkono akauweka ubavuni mwake. Mtoto alikuwa anapiga mateke. Nikalia pale, sioni haya kuwaambia, nililia kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameshakizika.

Kazi ninayo mpaka leo, na ninaipenda, mama yangu siku hizi anajitapa kwa majirani kwamba funguo zote za jengo ziko kwa binti yake. Nimeapa mambo mawili tu. Nyasi zikiwa ndefu na mashine imekufa, nitawaambia wageni kwamba nyasi ni ndefu na mashine imekufa, hakuna aliyewahi kufa kwa kuona nyasi. Na mtu akinipigia simu kwamba kuna mheshimiwa mlangoni, siweki spika, sitoi amri, sijali nani ananisubiri. Ninashuka mwenyewe, mikono nimeikunja nyuma, na ninachungulia kwanza.